Risala ya Wapiga Picha za Mionzi wa Usoke kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Leo Novemba 8 ni siku ya wapiga picha za mionzi duniani, kwa kuwa tarehe kama hii mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Ngonjera umezisikia na shukrani umezipokea. Sasa tunaomba utusikilize kero yetu: kazi hii tunaipenda, lakini haitupeleki popote.

Kijana anahitimu stashahada ya miaka 3, anasajiliwa na Baraza la taaluma yetu, anapangiwa kituo na kukabidhiwa ufunguo wa chumba cha eksirei. Mvi zinamwota akiwa na ufunguo uleule. Njia za kusonga mbele zipo: ultrasaundi, siti skani, tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani kama pale Taasisi ya Saratani Ocean Road, usalama wa mionzi, ualimu, ufundi wa mashine. Lakini mwenzetu akiomba ruhusa ya masomo, anaambiwa akiondoka chumba kitafungwa. Ni kweli kitafungwa, maana yuko peke yake. Upungufu huo hakuuleta yeye, kwa nini aulipie kwa maisha yake yote ya kazi?

Lipo na hili linalotuuma zaidi. Dereva wa bodaboda analetwa usiku, mguu umefungwa vipande vya mti kwa kanga. Tunapiga picha ya mbele, tunamgeuza taratibu, tunapiga ya ubavuni. Tabibu anaitazama, kisha anatugeukia: "Wewe unaonaje hapa?" Tunamwonyesha ufa mwembamba juu ya kifundo. Daktari bingwa wa radiolojia hayupo wa kuulizwa usiku huo, hivyo mgonjwa anatibiwa kwa kile tulichokiona sisi. Asubuhi hakuna karatasi inayoonyesha kwamba tulisema neno. Hatutaki kazi ya daktari. Uingereza wapiga picha waliosomea kusoma picha wanaandika ripoti tangu miaka ya 1990, na madaktari bingwa wao hawakukosa kazi. Sisi tunaulizwa kila siku, ila kusomeshwa hatusomeshwi.

Kwa hiyo tunadai kila kituo chenye mashine kiwe na wapiga picha wasiopungua 2, ili mmoja aende masomoni kwa zamu bila wagonjwa kurudishwa. Tunadai Wizara na Baraza waanzishe mafunzo yanayotambuliwa ya kusoma picha za mifupa na kifua, na anayefuzu apandishwe daraja na aruhusiwe kutia saini. Anayerudi na shahada asirudishwe kwenye mshahara wa stashahada. Na beji tunazovaa kifuani kupimia mionzi, majibu yake tupewe wenyewe. Miili ni yetu.

Mheshimiwa, ahadi za jukwaani tumeshazisikia. Safari hii tunaomba majibu kwa maandishi, kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa.

Tunaomba kuwasilisha.