Jiko Nalo Lipakwe Rangi ya Jua

Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii yawahusu sana ndugu zetu wa jeshi na wa polisi. Hakuna mwananchi awashindaye kwa usafi wa mahali pa kazi. Mawe ya njiani kambini hupakwa chokaa, lango la walinzi hung'aa, na viatu hupigwa rangi mpaka mtu aweza kujitazama ndani yake. Lakini je, ni nani kati yetu aliyekwisha kulikagua jiko la nyumbani kwake kama afande akaguavyo bweni?

Tuchukue mfano wa Ajia, katika wilaya ya Arua. Askari wa huko arudipo likizo hupokewa kwa furaha, huketishwa kivulini chini ya mwembe, na chakula huletwa hapo hapo. Ni nadra aingie kule kilikopikwa. Kama angeingia, huenda angeona ukuta uliokuwa mweusi kwa masizi, dirisha dogo mfano wa tundu la njiwa, na mama watoto ameinamisha uso juu ya chungu ili aone kama mboga imeiva, ingawa nje jua la saa sita lawaka. Huyo ndiye mlinzi wa nyumba askari awapo lindoni. Si haki kumwacha afanye kazi gizani.

Maoni yetu ni kwamba jiko lipakwe rangi ya manjano. Kwanza, rangi hiyo ni ya jikoni kwa asili yake, maana manjano ni jina la kiungo kinachotia pilau na mchuzi rangi. Pili, ukuta wa manjano hafifu hurudisha mwanga, kwa hiyo hata mwali mdogo wa dirishani huenea chumbani. Tatu, ni rangi ya jua katika bendera ambayo kila askari huipigia saluti, iliyopandishwa tarehe 9 Oktoba, 1962. Na atakayeuliza kama hii si rangi ya chama, tutamjibu kuwa jua lilikuwapo kabla ya vyama vyote, wala ukuta wa jiko haupigi kura.

Hata hivyo, manjano si moja. Iko ya siagi, iko ya embe bivu, iko ya haradali. Claude Monet, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, alikipaka chumba chake cha kulia huko Giverny manjano za namna mbili. Sisi nasi twaweza kufanya hivyo, kwa sababu ya manufaa. Sehemu ya juu ya ukuta ipakwe rangi ya siagi ili irudishe mwanga. Sehemu ya chini, kadiri ya mita moja kutoka sakafuni, ipakwe haradali, kwa kuwa ndiko mchuzi urukiapo na mikono ya watoto ishikapo, na rangi iliyokolea huficha madoa.

Rangi hiyo si lazima itoke dukani. Udongo wa manjano hupata rangi yake kutokana na kutu ya chuma iliyomo. Ndiyo sababu tofali la udongo wa namna hiyo hugeuka jekundu likichomwa tanuruni. Basi udongo huo ukaushwe, utwangwe, uchekechwe na kulowekwa usiku kucha, kisha utiwe kidogo kidogo katika chokaa iliyozimwa hadi ipatikane rangi itakiwayo. Ukumbuke kwamba ikikauka itapauka. Ukuta unyunyiziwe maji kwanza, halafu upakwe mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba. Chokaa huchoma macho na ngozi; watoto wakae mbali.

Hapa pana hatari ambayo askari hapana budi aielewe. Lugha yetu yaita kwa jina moja kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki na ile madini nzito ya kijivu: risasi. Manjano kali ya baadhi ya rangi za mafuta hutokana na unga uitwao kromati ya risasi, uliotumika tangu karne ya 19. Rangi ikizeeka hubanduka, ikawa vumbi na vipande ambavyo mtoto huvitia kinywani. Risasi hiyo haitoi mlio, lakini huharibu ubongo wa mtoto na kumpunguzia uwezo wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango chake kijulikanacho kuwa salama, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lashauri kwamba katika rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Kwa jicho haionekani. Kwa hiyo anunuaye rangi ya kopo asome maandishi yake na kudai isiyo na risasi, na rangi kuukuu isikwaruzwe ikiwa kavu.

Wala mtu asidhani kwamba rangi itaondoa moshi. Shirika hilo la Afya lakadiria kuwa moshi wa majumbani ulileta vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Dirisha lipanuliwe na bomba la moshi lijengwe kwanza, rangi ifuate. Tukianza na rangi, masizi yataifuta kabla msimu haujaisha.

Ndugu askari, likizo ijayo usikae chini ya mwembe siku zote. Chukua siku mbili, vua koti, ushike brashi ile ile uliyozoea kuishika kambini, uingie jikoni. Anayelinda mipaka ya nchi na alinde pia afya ya wanawe.