Mhasibu aanzie chama cha msingi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wa misafara iliyopita Tabora katika karne ya 19, kati ya pwani na Ujiji, walilijua hilo. Leo linamhusu mkulima wa tumbaku.

Mkulima huyo huchukua mbolea kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na deni hukatwa kwenye mauzo. Fedha yake hupita vitabuni kabla ya kufika mkononi. Kosa moja la kuandika, la makusudi au la kutojua, humbebesha deni lisilo lake.

Vijana wengi wanaosomea uhasibu vyuo vikuu huwazia ofisi za mijini. Anayetaka cheo cha CPA hufanya mitihani ya NBAA, bodi iliyoundwa mwaka 1972, na hutakiwa pia uzoefu wa kazi. Kazi ya kwanza si lazima iwe Dar es Salaam. Yaweza kuwa Urambo au Sikonge.

Vyama viajiri wahitimu. Vilivyo vidogo vichangie mshahara wa mhasibu mmoja. Mkaguzi wa COASCO huja kukagua yaliyokwisha kuandikwa. Mhasibu wa chama huwapo yanapoandikwa. Wanachama nao wadai hesabu zisomwe kwenye mkutano mkuu, tena kwa lugha wanayoielewa.