Kipimo cha Kiwandani Si Deni la Dereva



Liko jambo linalowasumbua madereva wa pikapu, nami nataka lizungumzwe wazi katika gazeti letu hili. Karani huketi mezani na karatasi ya kiwanda mbele yake. Karatasi yasema gari hili huenda kilometa kadha wa kadha kwa lita moja. Hutazama daftari la safari, akagawanya, akaona gari halikufika hesabu ile. Mara moja huamua kwamba mafuta yameibwa, na mwisho wa mwezi dereva hukatwa mshahara. Nasema hukumu hiyo si ya haki. Karatasi ile haikuipima barabara yetu, wala mzigo wetu, wala kazi yetu.

Kwanza tujue hesabu ya kiwanda hutoka wapi. Gari hutiwa ndani ya nyumba, magurudumu yakawekwa juu ya rola, likaendeshwa papo hapo kwa mwendo uliopangwa tangu mwanzo hata mwisho. Kipimo cha zamani cha Ulaya, kiitwacho NEDC, kilikuwa cha dakika 20 hivi, kilometa 11, na mwendo wa wastani wa kilometa 34 kwa saa. Kipimo kilichofuata, WLTP, kilianza kutumika mwaka wa 2017. Hicho ni cha dakika 30, kilometa 23, na wastani wa kilometa 46 kwa saa. Joto la chumba ni digrii 23, na kipoza hewa cha gari kimezimwa. Hakuna kilima, hakuna matope, hakuna foleni ya magari mbele. Sisemi kipimo hicho ni cha bure. Kiliwekwa ili mnunuzi apate kulinganisha gari na gari. Hakikuwekwa kuwa mzani wa mshahara wa mtu.

Tena wakubwa wa Ulaya wenyewe wanajua kwamba hesabu hizo hazilingani na barabara. Shirika la utafiti liitwalo ICCT lilionyesha kwamba mwaka wa 2001 magari ya Ulaya yalikula mafuta zaidi ya karatasi kwa asilimia 9 hivi, na kufika mwaka wa 2015 tofauti ilikuwa asilimia 42. Baada ya kipimo kipya, Halmashauri ya Ulaya ilitoa taarifa mwaka wa 2024 kwamba magari ya petroli na dizeli yaliyoandikishwa mwaka wa 2021 yalizidi karatasi kwa asilimia 20 hivi. Na hao ni watu wa barabara za lami nzuri. Viwanda vingine vilikosea hata hesabu yenyewe. Hyundai na Kia walikiri mwaka wa 2012 kwamba hesabu walizobandika juu ya magari yao huko Marekani zilipita kweli, na mwaka wa 2014 wakakubali kulipa faini ya dola milioni 100. Mitsubishi nao walikiri mwaka wa 2016 kwamba vipimo vya mafuta huko Japani vilikuwa vimepotoshwa.

Basi tufanye hesabu ya mfano. Karatasi yasema gari hula lita 8 kwa kilometa 100. Dereva aenda kilometa 2,500 kwa mwezi. Kwa karatasi, atatumia lita 200. Ongeza ile asilimia 20 tu, zinakuwa lita 240. Lita 40 zimepita, na hakuna aliyefungua tangi usiku. Zidisha lita hizo kwa bei ya pampu, uone mtoto wa dereva amenyimwa nini.

Sisi wa reli twalijua jambo hili vizuri. Reli ya zamani hutoka pwani Mombasa, hupanda mpaka Nairobi karibu mita 1,660 juu ya bahari, na kule Timboroa hupita mita 2,700. Uzito ambao injini itavuta hupangwa kwa kutazama mlima wa sehemu ile. Hakuna mtu wa reli mwenye akili atakayedai kwamba injini itumie mafuta sawasawa kupanda na kuteremka. Kwa nini pikapu ihesabiwe kama kwamba Kenya nzima ni uwanda? Gari na mzigo wa kilo 2,000, likipanda mita 1,000, litatumia lita moja na nusu hadi mbili za dizeli kwa ule mpando peke yake, mbali na mafuta ya mwendo. Na likiteremka hayarudi yote, kwa sababu breki huyageuza kuwa joto, yakapotea hewani.

Yako na mambo mengine. Upepo unaozuia gari huongezeka upesi kuliko mwendo: ukitoka kilometa 80 kwa saa ukafika 110, nguvu ya upepo inakaribia kuwa mara mbili. Basi msimamizi anayempigia dereva simu kila dakika kumi ati awahi, ajue kwamba yeye mwenyewe anamwaga mafuta. Gari likingoja kwenye lango la bohari injini ikiwaka, lala mafuta na kilometa haziongezeki hata moja. Magurudumu yasiyo na upepo wa kutosha huzidisha kazi ya injini. Na tajiri akifunga magurudumu makubwa kuliko yale ya kiwandani, saa ya kilometa huhesabu pungufu: gari limekwenda kilometa 105, saa yasema 100. Hapo dereva huonekana mwizi kwa sababu ya magurudumu ambayo hakuyachagua.

Tena tazameni galani. Galani ya Kiingereza ni lita 4.5, ya Marekani ni lita 3.8 tu. Maili 30 kwa galani ya Kiingereza ni kilometa 10.6 kwa lita. Maili 30 kwa galani ya Marekani ni kilometa 12.8. Karani akisoma kitabu cha Uingereza akidhani ni cha Marekani, kosa ni lake na deni ni la dereva.

Najua matajiri watajibu, "Lakini wako madereva wanaonyonya mafuta." Ni kweli, wako, na chama hakipo kwa kumfunika mwizi. Mwizi hutuharibia jina sote. Lakini wizi huthibitishwa kwa ushahidi, si kwa kugawanya kilometa kwa lita. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007, kifungu cha 19, yaeleza makato yanayoruhusiwa, na kwa mali iliyoharibika au kupotea yataka iwe ni kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Kilima si kosa la kusudi. Na kifungu cha 41 chasema kwamba mtu hafukuzwi kwa utovu wa nidhamu kabla hajaelezwa sababu na kusikizwa, pamoja na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua.

Kwa hiyo naomba chama kiwapelekee matajiri maneno haya. Kila gari lipimwe katika njia yake lenyewe: tangi lijazwe mpaka juu, liende kazi yake ya kawaida, lijazwe tena, na hivyo kwa mwezi mzima, mjumbe wa chama akiwapo. Wastani utakaopatikana ndio uwe kipimo cha gari lile katika njia ile. Saa ya kilometa ikaguliwe. Gari likibadilishwa njia au magurudumu, lipimwe tena.

Nanyi madereva, shikeni kalamu. Andikeni kilometa, lita, uzito wa mzigo, na saa mlizongoja. Wekeni risiti. Mtu mwenye daftari lake hujibu kwa hesabu, na karani hana budi kumsikiliza.

Wenu katika kazi,
Mfanya kazi wa Reli