Nyimbo ziko kwenye simu, programu inataka intaneti

Google ilipoifunga Google Play Music mwaka 2020 na kuwahamishia watumiaji YouTube Music, malalamiko hayakuishia kwenye sura mpya. Wengi walilalamikia faili zao wenyewe. Programu mpya hucheza nyimbo zilizomo kwenye simu, lakini imezitenga na zile za mtandaoni: haziingii hata katika orodha moja. Programu ya zamani, iliyokuja na simu nyingi za Android, ikabaki jina tu.

Kwa msikilizaji wa Paris huo ni usumbufu mdogo. Yanonge, kando ya mto Kongo, kilomita zipatazo 60 kutoka Kisangani, hesabu ni nyingine. Asiye na mtandao wa uhakika husikiliza rumba aliyopewa na rafiki, simu kwa simu, kwa Bluetooth. Kicheza muziki kikigoma, kutafuta kingine kunakula megabaiti, na megabaiti ni pesa.

Mbadala upo. VLC ni ya bure, haina matangazo, haidai akaunti, na kwenye baadhi ya simu faili yake nayo huweza kupitishwa kwa Bluetooth. Ila toleo lililopatikana hivyo huzeeka bila masasisho, mpaka mwenye simu afike penye mtandao.