Kabla ya puto, mtupe mizani

Siwacheki akina mama wa hapa Tarime wanaonisimamisha sokoni kuniuliza bei ya puto la kupunguza uzito. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimewahudumia wagonjwa wa presha na sukari kuanzia Sirari hadi Mugumu, na najua goti linavyouma likibeba kilo 120. Unene uliokithiri ni ugonjwa. Kumwambia mtu "punguza ugali" kisha ukafunga faili lake, hiyo si tiba.

Tangu 2022 hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wanaweka puto tumboni kwa mpira wa kamera unaopitia mdomoni, bila kisu. Mtu anashiba mapema. Baada ya miezi kadhaa linatolewa. Upasuaji wa kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula hupunguza kilo nyingi zaidi, na mara nyingi hata sukari hushuka, ila vitamini utameza maisha yako yote. Zipo na sindano za semaglutaidi zinazokata hamu ya kula. Ukiziacha, kilo nyingi hurudi.

Sasa, mama aliyepasuliwa Dar es Salaam akirudi Nyamongo akaanza kutapika, aende kwa nani? Mwakani damu yake ataipima nani kuona kama vitamini zinatosha?

Pengo hilo la tiba huku kwetu wamelijaza wauza chai ya kupunguza mwili. Mteja wao mmoja alinionyesha pakiti aliyonunua stendi: haina jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, ni picha ya kiuno tu. Alikuwa anaharisha, huku anafurahi mizani imeshuka. Hayo ni maji yametoka, mdogo wangu, na wewe unameza dawa za presha!

Halmashauri za Tarime na Serengeti zianze na kilicho rahisi. Kila mtu mzima anayefika kliniki apimwe uzito, urefu na kiuno, na viandikwe. Kwa kiuno, futi ya fundi cherehani inatosha. Kisha kila wilaya ipate daktari aliyefundishwa kuwafuatilia waliotoka kupasuliwa.

Nawe unayeulizia puto au upasuaji, pita kwa daktari kwanza. Miongozo ya kimataifa ya 2022 inasema upasuaji unafaa kwa mwenye BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 35 na kuendelea, na unaweza kufikiriwa kuanzia 30 kwa mwenye kisukari. Ukifika hapo, omba rufaa bila aibu.