Binti Akiumia Kichwa Uwanjani

Ndugu zangu wa Lumuma, walimu wa michezo na wazazi, nina neno nanyi. Tangu Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, wafike robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, anayesema soka si la mabinti hana pa kusimamia. Basi tuzungumzie mtikisiko wa ubongo: jeraha lisilotoa damu, linalomwacha mchezaji na kizunguzungu, kichefuchefu au kumbukumbu iliyopotea. Huku Marekani, takwimu za soka la sekondari jimbo la Michigan kuanzia mwaka 2016 zilionyesha wasichana wakiupata karibu mara 1.9 ya wavulana. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba wavulana ndio waliotolewa zaidi uwanjani siku ileile. Wao huumia hasa kwa kugongana wenyewe kwa wenyewe, na mgongano kila mtu huuona. Wasichana wengi huumizwa na mpira au nguzo ya goli, refa akapeta, mchezo ukaendelea.

Wako wanaosema msichana huchelewa kupona kwa sababu ya maumbile. Sikatai kabisa, shingo isiyo na nguvu huongeza hatari ya kuumia. Lakini utafiti wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, uliotoka mwaka 2019, uliona wasichana walifikishwa kwa wataalamu wakiwa wamechelewa kuliko wavulana, na wale waliowahi kufikishwa ndani ya siku saba walipona sawa na wavulana waliowahi vilevile. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hicho tunachokiita udhaifu wa binti ni uzembe wetu wa kumhudumia. Mtasema mabinti hulalamika mno. Afadhali huyo anayesema. Mvulana anayeficha maumivu ili asikose fainali naye yuko hatarini. Mtasema pia Lumuma hakuna mashine za kupiga picha ya kichwa. Mashine hizo hutafuta damu iliyovuja au mfupa uliovunjika. Mtikisiko wenyewe kwa kawaida hauonekani humo. Hugunduliwa kwa kumtazama mtoto na kumuuliza maswali, kazi ambayo mwalimu anaweza kuianza palepale pembeni mwa uwanja.

Kuna jambo tafiti za huku haziligusi. Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walishauri siku moja au mbili za kupunguza shughuli, kisha matembezi mepesi, na kurudi mchezoni hatua kwa hatua. Mvulana akiambiwa apumzike, atapumzika. Binti akitoka uwanjani anasubiriwa na ndoo ya maji, kuni, sufuria na mdogo wake wa kubeba mgongoni, na msimu wa vitunguu shamba nalo linamwita. Mapumziko hayo hayapo.

Walimu, kwenye mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, binti akigongwa kichwani mtoeni, na siku hiyo asirudi hata akisema yuko sawa. Akitapika tena na tena, akipata degedege au akisinzia asiamke vizuri, msingoje asubuhi, mkimbizeni hospitali. Wazazi, kwa siku hizo za mapumziko ndoo aibebe kaka yake.