Shairi Halianzi na Vina

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu hapa Kitui aliniletea daftari lake akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Alikuwa ametunga shairi la Kiswahili juu ya nyanya yake akiomba mvua, akalipa mwendo wa nyimbo za kilumi, ngoma ya Wakamba ya kuomba mvua, alizozisikia tangu akiwa mgongoni: kiongozi anatoa wito, kundi linaitikia, wito unarudi huku neno moja tu limebadilika. Chini ya ukurasa, kwa wino mwekundu, alikuwa ameandikiwa: "Hili si shairi. Vina viko wapi?"

Simlaumu aliyeandika maneno hayo. Alifundishwa hivyo, naye anafundisha alivyofundishwa. Ninachoshindana nacho ni ile imani yenyewe, kwamba shairi ni vina na mizani, na kwamba kisicho na vina ni nathari iliyokatwakatwa. Utaisikia darasani, utaisikia kwenye majukwaa ya kughani, utaisikia kwa wazazi wanaowasaidia watoto kujiandaa kwa karatasi ya tatu ya KCSE. Ni imani potofu, na hapa Ukambani hasara yake ni kubwa kuliko mahali pengi, kwa sababu inamfanya mtoto aamini kwamba watu wa kwao hawajawahi kuwa na ushairi.

Wanaoitetea hupenda kusema kwamba huo ndio ushairi wa jadi, na kwamba washairi wakubwa wa dunia walifuata sheria. Haya, twende kwa mmoja wa hao wakubwa. Virgil wa Roma alikufa mwaka 19 kabla ya Kristo, akaacha utenzi wa Aeneid wenye vitabu 12 na mishororo karibu 9,900. Kwa miaka elfu mbili watoto wa shule wameusoma kama kielelezo cha utunzi. Ukitafuta kanuni ya vina humo, huipati. Na ukihesabu mizani kwa vidole, utashangaa zaidi.

Chukua kitabu cha 8. Katika mshororo wa 452, majitu yenye jicho moja yanafua chuma, yanainua mikono kwa zamu na kwa nguvu nyingi. Mshororo huo una silabi 13. Katika mshororo wa 596 farasi wanapiga mbio, kwato zikitikisa uwanda. Huo una silabi 17. Mwalimu wa vidole angekata alama hapo: mshororo mmoja umepungukiwa na mizani nne! Lakini kwa sikio la Mroma, mishororo hiyo miwili ilikuwa na kipimo kilekile kabisa.

Siri yake ni hii. Kilatini kilitofautisha silabi ndefu na silabi fupi, na fupi mbili zilikuwa na thamani ya ndefu moja, kama sarafu mbili za shilingi kumi zilivyo sawa na moja ya ishirini. Kila mshororo ulikuwa na hatua sita. Hatua ingeweza kujazwa na ndefu mbili, au na ndefu moja na fupi mbili. Ile ya mwisho tu ndiyo ilikuwa na silabi mbili daima. Penye nyundo nzito, Virgil alirundika silabi ndefu hadi ulimi wenyewe ukachoka kunyanyua. Penye farasi, alimwaga fupi kila zilipoweza kuingia. Sheria ilikuwepo, tena kali. Ilipima muda, na ndani ya muda huo mshairi akapata nafasi ya kuufanya mshororo ufanye kazi unayoisimulia.

Vina navyo vilikuja kuwa kanuni katika Kilatini cha Kanisa, karne nyingi baadaye. Wakatoliki wazee wa Kitui na Makueni waliosali kwa Kilatini kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) wataukumbuka wimbo wa Dies Irae wa Misa ya wafu. Ule una vina. Kwa nini? Kwa sababu kufikia wakati huo masikio ya watu yalikuwa yameacha kusikia tofauti ya ndefu na fupi. Kipimo cha zamani kilikosa cha kushika, watunzi wakatafuta kingine. Sikio lilibadilika, sheria ikalifuata.

Jambo hilohilo lilitokea pwani yetu, na hapa ndipo watetezi wa jadi wanapoisahau jadi yenyewe. Maneno "shairi", "bahari", "arudhi" na "mizani" tumeyapokea kutoka kwa Waarabu. Lakini arudhi ya Kiarabu, ile aliyoichambua Al-Khalil bin Ahmad kule Basra katika karne ya 8, nayo inapima silabi ndefu na fupi. Kiswahili hakina tofauti hiyo. Basi wahenga wa Lamu, Pate na Mombasa walifanya nini? Walichukua jina, wakachukua vina, kipimo cha urefu wakakiacha, kisha wakahesabu silabi, maana silabi ndiyo iliyosikika wazi katika lugha yao. Walikuwa na ujasiri wa kuliamini sikio lao. Leo tunawaenzi kwa kuwakataza wajukuu wa wengine kufanya kama wao.

Sasa turudi nyumbani. Kikamba kina vokali saba, na kila moja huweza kuwa fupi au ndefu; ndiyo maana tunaandika herufi mara mbili. Katika jambo hili moja, sikio la mtoto wa Mbooni au Mwingi liko karibu na la Mroma wa Virgil kuliko la mtoto wa Lamu. Naye tunampa kipimo kimoja tu na kumwambia asiyekitumia hana ushairi.

Niliwahi kukaa asubuhi nzima kando ya mto mkavu huko Makueni, kikundi cha mwethya, yaani cha kazi ya pamoja, kikijenga bwawa la mchanga. Akina mama walijipanga kutoka ukingoni hadi ukutani, mawe yakipita mkono kwa mkono. Ngũi, yaani kiongozi wa wimbo, alikuwa mama mfupi mwenye leso kiunoni. Nilijaribu kuhesabu silabi za wito wake, nikapotea, kwani kila wito ulikuja na urefu wake: alipokuwa na mengi ya kusema aliyabana, alipokuwa na machache aliivuta vokali. Lakini jibu la kundi halikuchelewa hata mara moja, na kila jiwe lilihama mkono palepale vokali ilipovutwa. Aliyekosea zamu angeangusha jiwe mguuni pa mwenzake. Niambieni, sheria kali kuliko hiyo ni ipi?

Najua pingamizi litakalokuja: ukiondoa vina, kila mpayukaji atajiita mshairi. Hofu hiyo naielewa, kwa kuwa nimesoma kurasa nyingi za uvivu zilizojiita mashairi huru. Lakini uvivu haukimbii vina. Nimesoma pia tarbia za mizani kumi na sita zilizotimia kila kipande, zisizo na wazo hata moja, ambamo mtunzi kaongeza "jamani" na "sikia" ili kujaza debe. Kina hakijamzuia mtu kupayuka. Shairi hupimwa kwa kuuliza kama kuna kanuni inayolishika, na kama ukiondoa neno moja kitu kinabomoka. Tungo huru za mshairi Kithaka wa Mberia, wa Tharaka, jirani zetu ng'ambo ya Tana, zinasimama kwa takriri na kwa mpangilio wake. Na Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha sheria za utunzi cha mwaka 1954 hutumiwa kama rungu katika ubishi huu, aliweka kuimbika kuwa msingi wa shairi. Nani atathubutu kusema wimbo wa mwethya hauimbiki?

Vina na mizani navipenda, na mwanafunzi wangu ajifunze tungo za Muyaka, yule mshairi wa kale wa Mombasa, hadi azijue kwa moyo. Ninachokidai kwa walimu wa Kitui na Makueni ni swali moja libadilike. Badala ya "vina viko wapi?", muulizeni mtoto, "Sikio lako linahesabu nini?" Asipokuwa na jibu, mrudishieni kazi yake. Akiwa nalo, msikilizeni.

Siku ile nilimwomba yule kijana anisomee shairi lake kwa sauti. Mama anayetupikia chai alikuwa akifagia mlangoni. Kijana alipofika wito wa tatu, ufagio ukatulia, na mama yule akaitikia kwa Kikamba, bila kuambiwa na mtu. Hakuwa amehesabu mizani. Alijua tu kwamba zamu yake imefika.